Mguu wa Kulia, Mguu wa Kushoto

Beni, tarehe 9 Machi 1964

Kwa mdogo wangu Sofia,

Salamu alekum. Nakuandikia nimeshiba, nimenawa, na bado jasho linanitoka kwenye shingo, basi ujue nimefika Beni salama. Nyinyi wa Butembo endeleeni kujifunika blanketi na kujisifu baridi yenu. Mjomba Amisi hajambo. Kamyo yake imepata breki mpya na sasa anaendesha kama bwana harusi, polepole, ili watu wamwone. Mimi nahesabiwa msaidizi wake, maana yake ninapakia na kushusha chumvi. Mwambie Mama viatu alivyonichagulia vinabana, lakini mwambie kwa adabu.

Sasa neno lenyewe. Dereva mmoja aliyetoka huko ameniambia Mama amekuruhusu kuingia katika chama chetu cha Mguu Mmoja, ilmradi mwenzako awe msichana, na kwamba mwenzako ni Masika. Nimefurahi, ila najua una kichwa kigumu, kwa hiyo sikiliza kanuni kutoka kwangu mimi niliyekianzisha pamoja na rafiki yangu Mathe.

Kwanza, patini, vile viatu vya magurudumu, hatuiti patini. Tunaita mguu. Yule Mzungu wa kahawa aliporudi kwao mwaka wa uhuru, aliacha sakafu yake ya simenti ya kuanikia kahawa, na katika ghala aliacha patini za watoto wake. Zilikuwa chache, na sisi tulikuwa wengi. Tungeweza kugombana. Badala yake Mathe akasema, kila mtu achukue mmoja. Ndiyo maana wewe utavaa wa kulia, Masika wa kushoto, mtashikana mabega, na miguu yenu mitupu ndiyo itakayosukuma. Hakuna anayekwenda peke yake. Ukihisi unaanguka usimwachie mwenzako, angukeni wote.

Pili, mtu akimchoka mwenzake hapigi kelele. Anaupeleka mguu wake kwa mama wa mwenzake, anauweka mlangoni na kuondoka. Hapo tunasema: fulani ametoa mguu kwa mama. Basi, urafiki umekwisha. Imetokea mara moja tu, Paulin na Kakule, na hadi leo wakikutana sokoni kila mmoja anageuka kutazama vitunguu.

Mimi na Mathe tumefanya tofauti. Nilipoondoka baada ya Idi nilichukua wetu wa kulia, yeye akabaki na wa kushoto, ili hata mmoja wetu asipate mwenzake mwingine. Nauhifadhi kwenye mfuko wa unga, chini ya kitanda. Mtazame Mathe kwa niaba yangu, uniandikie anasema nini.

Ni mimi kaka yako,
Kasimu

*

Butembo, Mususa, tarehe 12 Aprili 1964

Kwa yaya Kasimu, kaka yangu, mwanzilishi, rais na bwana kanuni,

Alekum salamu. Sisi wazima. Mama anakaanga mandazi kila alfajiri na kulalamika kwamba unga wa siku hizi hauna heshima. Mbuzi wa jirani alikula mkeka wako wa kusalia, pembe moja. Tumeushona.

Yaya, nimeanguka! Nimeanguka mbele, nyuma na ubavuni, na kila mara Masika yuko juu yangu, na si mwembamba. Siku ya kwanza nilimwachia bega. Alikwenda peke yake hadi kwenye ukuta, akarudi na paji limevimba, akanitazama bila hasira, akasema: «Sofia, mais wewe! Tunaangukaka pamoja. Ukiniacha, njo tunaumia.» Tangu hapo sijamwacha. Juzi tulizunguka sakafu nzima, upepo ukaingia kwenye mtandio wangu, nikacheka mpaka machozi. Kwa nini hukuniambia kwamba ni hivi?

Na hukuniambia kwamba watu hawa ni wa namna hii. Florentine anatoka misa ya pili na kuja mbio na nguo ya kanisani. Malachie, ambaye sokoni hamtambui mtu, hapa anawafunga wadogo kamba za mguu akiwa amepiga magoti. Ijumaa wananingoja nitoke kusali, Jumapili nasi tunawangoja watoke kanisani, na hakuna aliyeandika kanuni hiyo, hata wewe.

Mathe wako anafagia sakafu kabla ya mtu yeyote kufika, kisha anakaa ukingoni na mguu wake wa kushoto mapajani, anaupaka mafuta ya mawese. Nilimwambia avae, nimtafutie mwenzake. Akasema: «Hapana. Niko na mwenzangu. Iko Beni.» Huyo ni mtoto wa katekista, ameshika ahadi kuliko sisi tuliosoma madrasa.

Barua yako niliwasomea wote kwa sauti. Nilipofika kwenye vitunguu, Kakule alisimama akaondoka. Andika kwa akili.

Mama anasema neno lake la mwisho, kama kawaida, naandika jinsi anavyolitamka: «Viatu havibane. Miguu yake njo mikubwa.»

Mdogo wako,
Sofia

*

Beni, tarehe 20 Julai 1964

Mdogo wangu Sofia,

Salamu. Barua yako niliisoma mara nyingi, na mjomba akadhani nimepata mchumba. Hapa joto, vumbi, na wanajeshi wengi kuliko wateja. Watu wananong'ona kwamba waasi wanapanda kutoka upande wa Kisangani. Wengine wanasema watafika, wengine wanasema watachoka njiani. Mjomba anasema vita havina haja na chumvi. Mimi sijui.

Nakuonea wivu, nasema wazi. Nimetafuta Beni nzima sakafu laini na sikuipata, ila hata ningeipata ningefanya nini na mguu mmoja? Usiku nikisikia kamyo inateremka nafikiri ni sisi tunazunguka, ile sauti ya chuma kwenye simenti. Watu wanaweza kusema ni mchezo wa watoto. Mimi sijawahi kumwegemea mtu yeyote vile ninavyomwegemea Mathe, na kwa yule sina haja ya kutazama anapoweka mguu.

Nitakuja Idi ijayo, inshallah, na mguu wangu wa kulia. Mwambie aendelee kupaka mafuta. Na uniandikie upesi, wewe na Mama, nijue mko salama.

Kasimu

*

Butembo, tarehe 4 Oktoba 1964

Yaya Kasimu,

Salamu alekum. Barua hii anaileta mama mmoja muuza ndizi, basi itakuwa fupi. Waasi waliingia Butembo. Tuko hai, nyumba iko, jiko liko. Baiskeli ya marehemu baba ilichukuliwa. Usije. Nakuandikia tena: usije. Njiani kijana mwanaume hapiti. Wakimkuta wanamchukua, wawe waasi au wanajeshi, na harudi.

Umeuliza Mathe. Mathe mzima. Ametoa mguu wake kwa Mama. Usiniulize zaidi.

Sofia

*

Beni, tarehe 29 Oktoba 1964

Sofia,

Nashukuru Mungu mko hai. Nimekaa na karatasi yako siku nyingi. Nilitaka kuandika kwa upole, sikuweza.

Kwa hiyo ametoa mguu kwa Mama. Katikati ya vita, watu wanatafuta mahali pa kuficha watoto, yeye akapata nafasi ya kutembea mpaka mlangoni kwetu na kuniambia kwamba amenichoka! Nilimkosea nini? Je, ni kwa sababu waasi wanasema hivi juu ya kanisa na vile juu ya msikiti? Kama mtu ameanza kuhesabu nani anasali wapi, aseme. Au alipata mwenzake mwingine wa karibu? Mimi nilidhani huyu mtu ni wangu.

Naona hata Mama hakutia neno lake mwishoni. Ameona haya kwa niaba yake, na ana haki. Mwambie Mathe hivi, na umsomee mbele ya wote: wa kulia nitawapa watoto waufunge kamba, wauvute barabarani. Asante kwa miaka yote.

Ni mimi,
Kasimu

*

Butembo, tarehe 6 Desemba 1964

Yaya,

Salamu alekum. Serikali imerudi mjini na watu wanaanza kuuza tena, mboga kwanza, kisha nguo. Ya kwetu nitakueleza siku nyingine. Mama amekaa anakunywa chai ya tangawizi, anakusalimu.

Barua yako ilifika imefunguliwa, na ilifika tukiwa wote sakafuni. Wakanizunguka kama kawaida. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwa Mathe, nikasoma maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma: «Msalimie mguu wangu wa kushoto, mwambie Beni hakuna mtu wa kumwegemea.» Wote wakapiga makofi. Mathe alicheka, kisha tulipokuwa tunafagia akaniambia taratibu: «Sofia, yaya yako anaandikaka mistari mifupi. Wewe unasoma mirefu.» Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Nakuomba jambo moja tu. Usiutupe mguu wa kulia. Kuna neno nimekatazwa kusema, na aliyenikataza huwezi kumshinda wewe wala mimi.

Halafu nami niulize. Aliyeleta barua yako anasema ulimpa mkononi kule Mabalako, mashambani. Kwa nini juu umeandika Beni? Beni imehama?

Sofia

*

Mabalako, tarehe 10 Januari 1965

Mdogo wangu,

Ramadhani njema. Haya, umenikamata. Kamyo ya mjomba ilichukuliwa mwezi wa tisa. Alikuwa anaipigia honi ya kwaheri, mzee wa watu, mpaka mwanajeshi akaona haya. Tukakimbilia huku Mabalako kwa mkulima mmoja, Sikuli, Mkatoliki ambaye mjomba aliwahi kumbebea kahawa. Ametuficha kwenye kibanda kati ya migomba yake. Jioni mke wake anatupikia futari kabla ya kuwapikia watoto wake. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angeshika njia na kikaango chake mkononi kuja kunichukua.

Kwa hiyo nimefungua mkono wangu. Fungua wako. Watu wanasema njia sasa inapitika na Idi inakaribia. Mguu wa kulia sikuutupa. Nilijaribu. Niliutoa kwenye mfuko, nikautazama, nikapuliza unga kwenye magurudumu, nikaurudisha. Niambie kweli tu, hata kama inauma: Mathe amenichoka?

Kasimu

*

Butembo, Mususa, tarehe 21 Januari 1965

Yaya Kasimu,

Salamu alekum, na saumu yako itakabaliwe. Mama ameniachilia ulimi asubuhi hii. Kaa chini kwanza.

Siku waasi walipoingia, risasi ilipita kwenye ukuta wa jiko na kumwingia Mama mguuni, chini ya goti. Nasema mguu wake wa mwili. Hatukujua nani aliyepiga. Dispanseri ilikuwa imefungwa, muuguzi amekimbia. Tulisafisha kwa maji ya chumvi, tukafunga, na baada ya siku chache mguu ukavimba, ukanuka, Mama akaanza kuzungumza na marehemu baba. Hospitali ya masista iko mbali, nyuma ya vilima viwili. Magari hakuna, baiskeli hakuna. Tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, inataka wanaume wanne, na wanaume wanne wakionekana njiani hawafiki. Ndipo akili ilipomrudia kidogo, akanishika mkono akasema: «Hapana andikia Kasimu. Akijua atakuya. Na hii barabara inakulaka batoto ya batu.» Nikaapa.

Mathe alikuja kutujulia hali, akamwona Mama, akaenda. Alirudi na mbao na vipande viwili vya mkaratusi alivyovikata mviringo kwenye karakana ya mjomba wake. Akaviunga kuwa kigari, chenye magurudumu mawili, cha kusukumwa na wasichana, kwa kuwa wasichana wanapita. Tukamlaza Mama juu. Magurudumu yakakataa. Mti ulisaga kwenye ekseli ya chuma, ukashika, ukatoa moshi. Mathe akasimama akiyatazama, halafu akakimbia kwao na kurudi na mguu wake wa kushoto, ule anaoupaka mafuta.

Nikamwambia asiuharibu. Florentine alikuwa amefika na wake, akasema chukua huu. Mathe akakataa. Alisema, naandika neno kwa neno: «Hii mguu ni ya mimi na Kasimu. Mama ni wa Kasimu. Donc iko sawa.» Akaufungua wote, akatoa vile vipete vya chuma vyenye gololi ndani, akavipachika katikati ya magurudumu ya mti. Mama akapandishwa tena. Kigari kikazunguka, yaya, kikazunguka bila sauti, na Malachie, yule Malachie, akalia mbele ya watu.

Ndiyo hayo niliyokuandikia: ametoa mguu wake kwa Mama. Nilikuwa mgeni katika lugha yenu, nikaandika kilichotokea. Barua yako ya hasira ndiyo iliyonikumbusha maana yake, na hapo nilikuwa nimeshaapa. Ningesema hakukuchoka, ungeuliza basi mguu uko wapi, na kutoka hapo ungefika kwa Mama, na kutoka kwa Mama ungefika barabarani.

Tulisukuma mimi na Masika. Mathe tulimkataza kuja, akaja hivyo hivyo, ndani ya mikaratusi, sambamba nasi, tunamsikia anavunja vijiti. Kupanda tuliweza. Kilima cha pili kinateremka vibaya, na kigari kikaanza kututangulia. Tulishikana mabega, tukaegemea nyuma pamoja vile mlivyotufundisha, visigino vinachimba udongo, na bado kilitushinda. Chini tuliona kizuizi, na watu wa bunduki wamekaa juu ya magogo. Ningemwachia Masika ningeanguka peke yangu. Sikumwachia. Mathe akatoka msituni, peupe kabisa, wanamwona, akakimbia mbele ya kigari, akakipokea kwa kifua.

Tulifika kizuizini hivyo, watatu na Mama. Mkubwa wao alimnyooshea Mathe kidole: «Huyu ni nani? Anaenda wapi? Kijana anabaki hapa.» Mathe alikuwa na rozari shingoni, inaonekana. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa na neno la maana, akainua kichwa, akasema kwa sauti ya sokoni: «Ni mutoto yangu. Kasimu. Niko naye tu huyu, hapana mwingine. Ukimukamata, unizike kabisa hapa.»

Yule mtu akamtazama Mama, akatazama mguu wake, akatazama rozari. Sijui alifikiri nini. Alivuta gogo kando, tukapita.

Masista waliokoa mguu na Mama pia. Alikaa huko miezi miwili, na kila Jumapili Mathe alitembea kwenda kumwona, na kule wodini wote wanamwita Kasimu mpaka leo. Sasa Mama anatembea na fimbo na kuwapiga nayo mbuzi. Kigari hakipumziki. Wagonjwa wa Mususa wote wanakwenda nacho, chama kinasukuma kwa zamu, wawili wawili, na Paulin na Kakule wamepangwa pamoja. Hawazungumzi bado, ila mabega wanashikana.

Kwa hiyo, Mathe hakukuchoka. Lakini hana mguu tena, yaya. Anafagia sakafu, anakaa ukingoni, na mikono yake haina kitu cha kupaka mafuta.

Neno la Mama: «Mwambie akuye. Na alete vile viatu, nitamupatia ndugu yake. Vitamukaa.»

Sofia

*

Mabalako, tarehe 27 Januari 1965

Mdogo wangu Sofia,

Alekum salamu. Sikuli na mke wake wazima, mjomba mzima, ndizi zimeiva. Sitaandika mengi, kwa sababu karatasi inalowa na mjomba ananitazama.

Nililia kwa ajili ya Mama. Kisha nikalia kwa ajili ya yale niliyoyaandika mwezi wa kumi, na kwamba wewe uliyabeba peke yako na kuyageuza kuwa salamu. Sikujua nina ndugu wa namna hiyo. Barua ile ichome jikoni, Mama akaangie mandazi.

Kesho kutwa ninaondoka na kamyo ya chumvi ya mtu mwingine, na Idi itanikuta Mususa. Mathe usimwambie. Nakuja na mguu wa kulia. Umebaki mmoja kwa sisi wawili, na nimeshaamua: atauvaa yeye. Mimi nitakwenda peku kando yake, nimshike bega, nisukume.

Lakini kabla ya kufika sakafuni, kabla hata ya kufika kwa Mama, anisamehe, nitapita kwao Mathe. Nitaupeleka mguu huu kwa mama yake, Mama Berthe, mlangoni, kama kanuni yetu ya zamani inavyosema. Mama Berthe umwambie tu asishtuke akiuona, kwamba maneno yale ya kutoa mguu kwa mama, huko Mususa sasa yana maana nyingine. Nami sitauweka chini na kuondoka. Nitabisha hodi. Akiuliza ndani ni nani, nitamjibu: «Mama, ni mutoto yako. Ni Mathe.»

Kasimu